Kibanda Kisichotaka Ufagio

Yote yalianzia kwenye simu. Nilimwambia Mama kwamba Alhamisi, saa nane mchana, Mkuu wa makumbusho angekuja kukagua kibanda changu. Akiridhika, ningepewa kazi ya utafiti ya kudumu. Asiporidhika, kibanda kingebomolewa nami ningerudishwa kwenye dirisha la tiketi. Nilidhani nimejieleza vizuri. Nilisahau ninazungumza na nani. Mama alikuwa msimamizi wa usafi katika wodi za hospitali tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu mwaka juzi, na mbele yake ukimtaja mkaguzi, akili yake inaenda moja kwa moja kwenye ndoo na dekio.

"Saa nane?" aliuliza. "Basi mimi na shangazi yako tutafika asubuhi."

"Mama, si lazima..."

"Nani kasema lazima? Mtoto wangu anakaguliwa, mimi nikae nyumbani nautazama ukuta?"

Ningeweza kukataa. Wapo watu wanaokataa mambo, nimewasikia kwa masikio yangu. Mimi nikitaka kukataa, koo linakauka na kinachotoka ni kitu kama "sawa, Mama". Ndicho kilichotoka.

Nieleze kidogo kuhusu hicho kibanda. Makumbusho yetu yako chini ya jabali refu lenye mapango. Watu waliishi humo zamani sana, kabla ya mtu yeyote kujua chuma ni nini, wakaacha mafiga yao, mifupa ya nyama waliyokula, vigae vya vyungu vyao na mawe waliyoyachonga yakawa visu. Mbele ya mapango, kwenye uwanja wa nyasi, tumejenga vibanda vya mfano vya miti, majani na ngozi, ili mgeni aingie, ainame, aone maisha hayo yalivyokuwa. Vibanda vyote ni nadhifu. Ngozi zimetandikwa, chungu kiko juu ya mafiga, watu wanapiga picha. Isipokuwa kimoja, cha mwisho kabisa, karibu na ukuta wa jabali. Hicho ni changu, na kazi yake ni kuharibika.

Wanafunzi wa chuo walikaa ndani yake kwa muda. Walipika kwa kuni, wakala nyama, wakavunja chungu, kisha siku moja wakainuka katikati ya mlo wakaondoka, wakaacha kila kitu kilivyo. Tangu hapo, zaidi ya mwaka sasa, hakuna aliyegusa. Mimi naangalia tu. Panya anauburuta mfupa mpaka wapi? Mvua inayasukuma majivu upande gani? Paa likianza kuanguka, linafunika nini kwanza? Kila mwezi napima, napiga picha na kuchora, halafu tunalinganisha na tunachokikuta tukichimba pangoni. Ukielewa jinsi nyumba inavyokufa mbele ya macho yako, ndipo unaweza kuisoma iliyokufa zamani. Ni kazi inayonifaa. Kibanda hakikuulizi kwa nini umenyamaza.

Basi, Alhamisi ikafika. Mlinzi wa getini alinipigia simu akiwa anacheka. "Kuna wageni wako hapa. Mmoja ameniuliza kwa nini mabuti yangu hayajapigwa rangi."

Huyo ni Mama. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusini, na mkononi mkoba mkubwa mweusi ambao hauachi hata akienda msibani. Nyuma yake Shangazi, dada yake marehemu baba, mwanamke anayeuza vitambaa sokoni na ambaye hajawahi kuzungumza na mtu mmoja bila watu kumi kusikia.

"Bi Kimya!" aliita, na kundi la watalii likageuka. "Hebu njoo tukuone! Umekonda hivi! Kwani hao watu wa kale wanakulia chakula chako?"

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Huyo mkaguzi ameshafika?" Mama aliuliza, macho yakipita juu ya bega langu.

"Bado, Mama. Saa nane."

"Vizuri. Tuna muda."

Ningejiuliza muda wa nini. Sikujiuliza.

Niliwapeleka pangoni kwanza, kama wageni wote. Nilikuwa nimejiandaa hata zaidi ya ninavyojiandaa kwa wageni wa kutoka mbali, kwa sababu nilitaka sana Mama aone. Majirani anawaambia nafanya kazi "ofisini, mambo ya serikali". Siku nilipomweleza kazi yenyewe aliuliza kama kuna matumaini ya kuhamishwa.

"Hapa ndipo walipokuwa wakipika," nilisema, nikielekeza tochi kwenye ukuta wa shimo tulilochimba. "Mnaona mistari hii myeusi? Kila mstari ni moto uliowashwa juu ya majivu ya moto wa zamani."

"Juu ya majivu?" aliuliza Mama.

"Ndiyo."

"Bila kuyazoa?"

"Bila kuyazoa. Ndiyo maana sisi leo tunaweza..."

"Kwa muda gani?"

"Mamia ya miaka. Pengine zaidi."

Mama alimtazama Shangazi. Shangazi alimtazama Mama. Ulikuwa ule mtazamo wanaopeana wakienda kumtembelea mke mpya wa ukoo na kukuta vyombo vya jana.

"Na chumba cha kulala?" aliuliza Shangazi.

"Hapa hapa."

"Wakwe wakija je?"

"Sijui kuhusu wakwe, Shangazi."

"Miaka yote hiyo chuoni hujui wakwe walilala wapi! Haya, na choo?"

"Huenda walitoka nje."

"Huenda!" Shangazi alimwambia Mama, kama vile mimi sipo. "Anasema huenda."

Mama alikuwa ameinua uso anaangalia dari ya pango. Dari yetu ni nyeusi, masizi ya vizazi na vizazi, na ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote pale. Ukisimama chini yake unajua kabisa kuna mtu aliyewahi kukaa hapo akasubiri chakula kiive. Nikadhani ameguswa. Nikasogea karibu.

"Haya yanatoka," alisema. "Maji ya moto na sabuni ya unga. Unapaka, unayaacha kidogo, unasugua."

"Mama, masizi haya yana maelfu ya miaka."

"Basi unayaacha muda mrefu zaidi."

Nilizima tochi.

Kibandani hali haikuwa nzuri zaidi. Kimezungushiwa kamba, na kwenye kamba kuna kibao: USIINGIE, USIGUSE, UTAFITI UNAENDELEA. Niliwasimamisha nje ya kamba wakachungulia. Paa limeinama upande mmoja. Ndani kuna majivu yaliyotawanyika, mifupa, vigae, ngozi iliyotafunwa na wadudu, na juu ya vyote nyuzi nyeupe nilizozifunga kwenye misumari kugawa sakafu miraba miraba, kila mraba na kibao chake cha namba.

"Sasa hiki," nilisema, "ndicho changu."

Shangazi alichungulia mara mbili, kama anayetafuta kingine nyuma yake.

"Hiki ndicho anachokuja kukikagua?" Mama aliuliza polepole.

"Ndiyo, Mama."

"Kikiwa hivi?"

"Kikiwa hivi hivi. Hakitakiwi kuguswa."

"Na kazi yako inategemea hiki."

"Ndiyo."

Alinishika shavu kwa kiganja, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa na surua. Nikafurahi. Kweli nilifurahi, nikaona hatimaye amenielewa. Sasa ninajua alikuwa ananihurumia.

Wakati huohuo mlinzi akaita: basi la shule limefika, na mwenzangu anayeongoza wanafunzi hakuja kazini siku hiyo. Nikawakalisha Mama na Shangazi kwenye gogo nje ya kamba, nikawapa maji, nikawaomba wanisubiri. "Msiingie tu," nilisema. "Tafadhali."

"Nenda mwanangu," Mama alisema. "Usiwe na wasiwasi wowote."

Watoto walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kujua kama watu wa kale waliliwa na simba. Nilipomaliza nao, koo likiwa limekauka kwa kazi halali, nikaona vumbi likipanda kutoka upande wa jabali. Sikukimbia mwanzoni. Akili yangu ilikataa kabisa. Nikajiambia ni upepo. Halafu nikasikia ile sauti niliyoamka nayo kila asubuhi ya utoto wangu, fyaa, fyaa, fyaa, na hapo nikakimbia.

Mama alikuwa ameinama mlangoni mwa kibanda, gauni la harusini limekunjwa mpaka magotini, mikono ndani ya glavu za mpira za waridi. Fagio lake lilikuwa tawi la majani. Alikuwa amenyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke sana, kama anavyofanya mtu anayejua kazi yake. Sakafu ilikuwa safi. Ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Mafiga yalikuwa yameoshwa na kupangwa ukutani. Vigae vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, vikubwa chini vidogo juu, kama sahani kabatini.

"Afadhali umekuja," Shangazi alisema, akipangusa jasho. Yeye alikuwa ameketi. "Shika upande ule, kuna utando wa buibui sisi hatuufikii."

"Mama," nilisema.

"Majivu nimeyamwaga kule kwenye majani, yanafaa shamba. Mifupa nimeitia kwenye mfuko, iko kwenye pipa." Alinyoosha mgongo, mkono kiunoni, akatabasamu kwa uchovu. "Na nyuzi zako zilikuwa zimetegwa kila mahali, mtu angejikwaa. Nimekukunjia."

Akanipa. Zilikuwa zimekunjwa vizuri sana, duara dogo jeupe, ncha imechomekwa ndani isifumuke. Vibao vyangu vya namba alivifunga pamoja kwa mpira wa nywele.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Najua nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye udongo uliolowa, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Anafurahi," Shangazi alisema, lakini bila uhakika.

"Mama, nilikuambia kisiguswe!"

"Ulisema wageni wasiguse. Kibao kinawaambia wageni."

"Kinawaambia watu wote!"

"Mimi ni mama yako!"

"Mama zaidi ya mwaka nimekaa naangalia uchafu huu! Uchafu ndio kazi! Panya yule aliuvuta mfupa wa paja kutoka pale mpaka pale kidogo kidogo, kila mwezi nikampima, leo ningemwonyesha Mkuu! Majivu yalikuwa yameanza kutengeneza ule mstari mweusi, ule ule wa pangoni! Sasa nina nini? Nina sakafu!"

Sijawahi kumpandishia Mama sauti. Shangazi alishika mdomo. Mama alisimama na lile tawi mkononi, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu anayesoma majibu ya vipimo na kufika kwenye mstari wenyewe.

"Matroni akija," alisema kwa sauti ndogo, "akikuta chini kuchafu, anayeandikwa jina ni wa zamu. Mimi nilifikiri..." Akaliweka tawi chini. "Nilifikiri watakudharau."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ndilo tatizo la kumkasirikia Mama. Unafika katikati unakuta amekutangulia kwa mapenzi, nawe umebaki na hasira mkononi hujui uiweke wapi.

Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. "Haya, kulia kutatusaidia nini? Uchafu ni uchafu. Turudishe."

"Haurudishiki, Shangazi."

"Nani kasema? Mimi nimelea watoto saba, naweza kuchafua chumba nikiwa nimefumba macho."

Akaenda kwenye pipa akarudi na mfuko, akamwaga mifupa sakafuni, wakaanza. Sijui kama nilipaswa kucheka au kuendelea kulia. Mama, kwa majuto, alikuwa anatawanya majivu kwa vidole, taratibu, sawasawa kila mahali, kama anayeanika unga. Yaani hata kuchafua hawezi bila unadhifu.

"Huu ulikuwa hapa," alisema Shangazi akiweka mfupa.

"Ulikuwa mlangoni," alisema Mama. "Nilijikwaa nao."

"Ulijikwaa na figa, wifi."

"Wifi, mimi nilikuwa nafagia. Wewe ulikuwa umekaa."

"Na huu je, Bi Kimya? Huu wa kale huu?"

Niliuangalia. "Huo ni wa kuku, Shangazi. Ni wa chakula cha mtu wa leo. Bado una pilipili."

Akautupa. Halafu akanigeukia macho yakimeta. "Si una picha? Kwenye simu? Ulisema kila mwezi unapiga picha."

Nilikuwa nazo. Za juzi tu, kila mraba na picha yake.

"Basi! Panga kama picha. Huyo mkubwa wako ataona tofauti gani?"

Nikatoa simu. Nikachukua mfupa wa paja, nikaulaza kama ulivyokuwa juzi, ncha ikitazama mlango. Ulikaa vizuri kabisa. Mtu yeyote angesaini kwamba haujaguswa. Lakini udongo chini yake ulikuwa umelowa maji ya Mama, na yule panya hakuwa ameufikisha hapo, nilikuwa nimeufikisha mimi. Kuanzia siku hiyo kila mstari ambao ningeuchora ungekuwa hadithi niliyoitunga, na watu wangekwenda pangoni kulisoma jabali kwa kutumia hadithi yangu.

Nikauokota. "Siwezi," nilisema.

"Kwa ajili ya kazi yako!" Shangazi alisema.

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mama aliacha kutawanya majivu, akavua glavu, akazikunja.

Mkuu alifika kabla ya saa nane. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye uchovu usioisha, na kila neno lake hutanguliwa na pumzi ndefu. Wakubwa wake wamekuwa wakimbana tangu mwaka jana: wanataka pale pakae benchi za wageni kunywea soda, na yeye amekuwa akiwazungusha kwa ajili yangu. Aliinama chini ya paa, akaangalia sakafu. Akaangalia vigae vilivyopangwa. Akatuangalia sisi watatu, majivu mpaka kwenye nyusi.

"Ni upepo," Shangazi alisema.

"Upepo," alirudia Mkuu.

"Mkali sana. Ulikuja ukapita."

"Ni mimi," Mama alisema. "Nimefagia. Mtoto hana kosa, alinikataza. Mimi ndiye mama yake."

Mkuu alivuta pumzi, na hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Alikaa kwenye gogo, akavua miwani, akajisugua macho. "Mama," alisema, kwa heshima kabisa, "miezi yote hii nimewaambia watu niachieni kile kibanda, kuna binti pale anafanya jambo la maana. Sasa nitawaambia nini? Kimepigwa deki?" Akavaa miwani. "Basi. Jumatatu waje wabomoe. Na wewe, binti yangu, pole sana. Dirisha la tiketi bado lipo."

"Hakibomolewi," nilisema.

Wote waligeuka kuona nani kasema. Hata mimi nilitaka kuona.

"Nilichokipima kimeondoka," niliendelea, na sauti ikawa inatetemeka lakini haikukatika. "Siwezi kukirudisha, na sitakibuni. Nitaandika kilichotokea, kwamba kilifagiliwa, lini na nani. Lakini miti ipo, paa lipo, pango lipo palepale. Nipe nianze upya. Ukitaka niwe kwenye dirisha la tiketi asubuhi na hapa jioni, nitakuwa. Lakini hakibomolewi."

"Uanze upya na nani? Kinahitaji watu wa kukaa ndani, wapike, walale. Wanafunzi safari ile walilalamika moshi mpaka wakamwandikia mkuu wa chuo."

"Mimi nitakaa," Mama alisema.

"Mama, hapana..."

"Nimelala wodi ya kipindupindu mimi, nishindwe na moshi?" Alimgeukia Mkuu. "Niambie masharti."

"Wifi akikaa na mimi nakaa," Shangazi alisema haraka. "Nani atamzungumzisha?"

Mkuu aliniangalia muda mrefu. Sidhani kama ni Mama aliyembadilisha mawazo. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikimaliza maneno mengi kiasi kile mfululizo. "Sharti ni moja," alisema hatimaye. "Mkiwa ndani, ishini mnavyoishi. Siku ya kuondoka mnakula, mnainuka, mnatoka. Hamzoi kitu. Hamuoshi kitu."

"Na vyombo?" Mama aliuliza.

"Vinabaki."

"Vichafu?"

"Vichafu."

Mama alinitazama kama vile tumemwambia atoke nje bila nguo. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Sitaeleza siku zile zote walizokaa kibandani kwa sababu nikizikumbuka kichwa kinaniuma. Mama alifagia kila alfajiri, na mimi nikachora njia ya ufagio wake kwa kuwa alikuwa mkazi na wakazi hufagia wakitaka. Shangazi aliwaita watalii waingie kuona jinsi kisogo chake kilivyovimba kwa kulalia mti, akawauzia wawili vitambaa. Usiku wa mvua walinipigia simu kuniuliza watu wa kale walikuwa wanafanyaje paa likivuja. Nikawaambia hatujui. "Huenda walilowa," nikasikia Shangazi akimwambia Mama. Shangazi alivunja bakuli, akataka kuficha vipande chini ya ngozi, wakagombana mpaka mlinzi akaja na tochi. Nilifika kila asubuhi na futi yangu, na kila asubuhi Mama aliniuliza kama nimekula kabla hajaniruhusu kupima chochote.

Siku ya kuondoka Mkuu alikuja, akasimama nje ya kamba pamoja nami. Walipika nyama na mizizi, wakala. Tulipowaambia wakati umefika, Shangazi alitoka kama aliyefunguliwa jela, bila hata kumeza tonge la mwisho. Mama alibaki ameketi.

"Sasa, Mama," nilisema.

"Nimesikia."

Mbele yake kulikuwa na mifupa juu ya jani, bakuli lenye mafuta yaliyoanza kuganda, majivu ya asubuhi hiyo ambayo hakuyazoa, na mwiko umeanguka chini. Aliviangalia kimoja kimoja. Mkono wake ukaenda kwenye bakuli, ukasimama hewani, ukarudi. Akainuka. Kwa muda tuliona mgongo wake tu ndani ya kivuli. Kisha akatoka, akapita chini ya kamba, akatupita bila kututazama, akaelekea getini alipokuwa Shangazi. Alitembea haraka, kama mtu anayeogopa akipunguza mwendo atarudi.

"Ameweza," Mkuu alisema kwa mshangao.

Niliingia kuchukua vipimo vya kwanza. Mifupa ilikuwepo, bakuli, majivu, mwiko. Vipande vya bakuli la Shangazi vilikuwa nusu vimejificha. Lakini chungu, ambacho kilikuwa wazi na mabaki ya mchuzi ndani, sasa kilikuwa kimepinduliwa, mdomo chini, kimeegemezwa kwenye figa ili maji ya mvua yasiingie na nzi wasitue.

"Nini?" aliuliza Mkuu, kwa sababu nilikuwa nimesimama na futi mkononi.

"Chungu."

Akaja akainama. Akafumba macho. "Tulimwambia."

"Tulimwambia."

"Asiguse kitu."

"Ndiyo."

Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Kigeuze. Kirudishe kilivyokuwa, tumalize. Nimechoka, binti yangu. Hakuna aliyeona."

"Hapana," nilisema. "Alikuwa bado ndani. Hajarudi kusafisha, ameondoka tu. Hivi ndivyo mama yangu anavyoondoka nyumbani."

Mkuu alikitazama chungu, akanitazama mimi, akavuta ile pumzi yake. "Andika basi," alisema, akaenda kufunga kamba.

Nikafunga uzi wa kwanza kwenye msumari, nikaweka kibao cha namba, nikaandika: chungu kimepinduliwa na mkazi wakati wa kuondoka. Mchuzi ulikuwa unachuruzika taratibu chini ya ukingo wake ukiingia kwenye majivu, na nikapiga magoti nipime umefika wapi.

Kutoka getini, mbele ya basi zima la wanafunzi, sauti ya Mama ikavuka uwanja.

"Na ukimaliza unawe mikono! Kwa sabuni!"

"Ndiyo, Mama," nilijibu, na watoto wote wakacheka.